Robo Ni Ile Ile, Hata Ikibadili Nguo



Mwezi huu hatukuletei habari za chanjo wala za lishe, kama tulivyozoea kuandika sisi wauguzi. Tunaleta habari za hesabu. Tafadhali usikimbilie ukurasa wa mapishi kwanza. Hata sisi zamani tukisikia neno hesabu tulikuwa tunaziba masikio. Lakini yametupata nyumbani kwetu mambo ambayo tumeona si vema kuyaficha, maana huenda na kwako yapo, na huenda mtoto wako analala nayo usiku huu bila kumwambia mtu.

Sukari ya robo kilo

Jioni moja tulimtuma binti yetu, wakati huo akiwa darasa la tano, akanunue robo kilo ya sukari kwenye duka la jirani. Alikawia. Aliporudi hakuwa na sukari. Alikuwa amekunja fedha mkononi na machozi yanamlengalenga.

“Mama, yule mwenye duka anataka kutuibia,” alisema. “Nimemwambia robo. Mizani yake ikaandika sifuri nukta mbili tano sifuri. Robo ina moja juu na nne chini. Pale hapakuwa na moja wala nne. Nimemwambia hiyo si robo, akanicheka mbele ya watu.”

Basi nasi tukacheka. Kaka zake walicheka, baba watoto alicheka mpaka akaweka chini kikombe cha chai, na sisi tuliomzaa tulicheka pamoja nao. Wiki nzima kaka zake walimwita “Mama Robo”. Tuliona ni mzaha wa nyumbani, wala hatukuwakataza.

Baada ya hapo binti yetu aliacha kutuonyesha daftari lake la hisabati. Tukiuliza, mara mwalimu amelichukua, mara ameliacha shuleni. Jumamosi moja tulipokuwa tunageuza godoro tulilikuta chini yake. Ukurasa wa mwisho uliandikwa kwa wino mwekundu: 3 kati ya 20.

Tulisoma majibu yake moja baada ya jingine. Aliambiwa apange kuanzia ndogo kwenda kubwa: 0.25, 0.5 na 0.125. Yeye alipanga 0.5, kisha 0.25, kisha 0.125. Aliulizwa ipi kubwa, 1/4 au 1/8. Alijibu 1/8, na pembeni aliandika kwa herufi ndogo, “kwa sababu nane inazidi nne.”

Tunaona aibu kueleza tulilofanya, lakini tutalieleza. Tulimwita kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Tulimwuliza kama kichwani ana maji. Tulimwambia watoto wa wenzetu wanapata zote. Yeye alisimama tu, anatazama vidole vya miguu yake, hakujibu neno.

Nukta iliyotutoa jasho

Usiku ule usingizi ulikataa. Kila tulipofumba macho tulikumbuka usiku mwingine, miaka mingi nyuma, katika wodi ya watoto tuliyokuwa tukifanya kazi.

Aliletwa mtoto mchanga mwenye shida ya moyo. Daktari aliandika dawa ya maji kwa kalamu iliyokuwa inaishiwa wino. Alikusudia nusu ya mililita. Aliandika nukta na tano, bila sifuri mbele, na nukta yenyewe ilikuwa hafifu kama alama ya inzi. Sisi ndio tuliokuwa zamu. Tuliona 5. Tulichukua bomba la sindano tukavuta mililita tano, tena kwa haraka, maana wagonjwa walikuwa wengi.

Ilikuwa ni desturi, na hata sasa ni desturi njema, kwamba dawa ya namna ile lazima itazamwe na wauguzi wawili. Dada mmoja aliyetutangulia kazini alisogea, akatazama bomba, akamtazama mtoto, akasema kwa utulivu, “Sista, mtoto mdogo hivi, mililita tano?” Tulirudi kwenye karatasi na taa. Tulimwita daktari. Ilikuwa 0.5. Tulikuwa tumevuta mara kumi ya dawa iliyotakiwa, na mkono uliovuta ulikuwa huu huu unaoandika makala hii.

Yule mtoto alipata kipimo chake na siku zilipotimia alirudi kwao mgongoni kwa mama yake. Hatujui kama mama yule aliwahi kuambiwa. Sisi hatukusahau. Tangu siku ile hatuandiki nusu bila kuanza na sifuri, wala hatuandiki 5.0 panapotosha 5, kwa sababu nukta ikififia mtu atasoma 50. Ndivyo wauguzi wanavyofundishwa siku hizi kila mahali.

Sasa, mpenzi msomaji, angalia jambo hili. Siku ile wodini, mtu mzima mwenye cheti ukutani alichanganya 0.5 na 5. Hakuna aliyetucheka. Hakuna aliyetuuliza kama tuna maji kichwani. Dada yule alituuliza swali moja kwa upole, na upole ule uliokoa uhai. Binti yetu wa miaka kumi na mmoja alichanganya 0.25 na robo, na sisi tuliosamehewa kosa kubwa tulimcheka kwa kosa dogo.

Asubuhi, kabla hajaenda kuchota maji, tulimwomba radhi. Kaka zake tuliwakataza lile jina. Kisha tulimwambia, “Mwanangu, hukumkosea mwenye duka. Wewe ulikuwa hujaambiwa kwamba robo ina nguo tatu.”

Tulianzia kwenye chapati

Tulifikiri, tukaona kwamba shuleni mtoto anafundishwa sehemu muhula mmoja, desimali muhula mwingine, na asilimia baadaye. Kila moja ina sura yake kitabuni. Mtoto anaondoka akidhani ni wageni watatu wasiojuana. Kumbe ni mtu mmoja. Akienda shambani amevaa vazi la shamba, akienda kanisani amevaa la kanisani.

Hatukuanza na kalamu. Tulianza na chapati. Tulimpa kisu tukamwambia aikate chapati moja kwa watu wawili, na nyingine kwa wanne, na nyingine kwa wanane, vipande viwe sawasawa. Tulimwuliza, “Ukiwa na njaa, utachukua kipande cha meza ya watu wanne au cha watu wanane?” Alinyamaza kidogo. Halafu akacheka mwenyewe, akasema, “Kumbe nane ikiwa chini, watu wamekuwa wengi!” Hatukuhitaji kumwambia tena kwamba 1/8 ni ndogo kuliko 1/4. Tumbo lilikuwa limeshamwambia.

Bibi yake, aliyekuwa ametutembelea, alichangia la kwake. Alimweleza kwamba zamani nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. “Basi kibaba ni robo ya pishi,” alisema mtoto. Bibi akamjibu kwamba ndiyo maana wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mtoto alikuwa akiusikia msemo huo tangu chekechea, ila hakujua kibaba ni nini.

Jioni nyingine tulimpa chapati tatu azigawe kwa watu wanne. Alihangaika, kisha alikata kila chapati vipande vinne, akampa kila mtu vipande vitatu. Kila mmoja alipata robo tatu. Hapo tulimwonyesha kwamba ule mstari kati ya 3 na 4 ni neno “gawanya” lililoandikwa kwa ufupi. Tatu gawanya kwa nne ni robo tatu. Akina mama, tafadhali msiruke hatua hii. Mtoto akijua kwamba 3/4 ni 3 kugawanya kwa 4, ameshika ufunguo wa mlango wa desimali.

Vijumba mia

Baada ya chapati tulichukua daftari la hesabu lile lenye vijumba. Tulichora mraba wa vijumba kumi kwenda chini na kumi kwenda kando. Jumla vijumba mia. Tulimpa penseli ya rangi tukamwambia apake rangi robo ya mraba.

Aliukata mraba katikati mara mbili, akapaka pembe moja. “Hesabu vijumba,” tulimwambia. Vilikuwa 25.

Hapo tulieleza kitu ambacho sisi wenyewe tulikuja kukielewa ukubwani. Shuleni, namba ya juu katika sehemu huitwa kiasi, na ya chini huitwa asili. Sasa litazame neno asilimia. Ndani yake yamo maneno mawili, asili na mia. Ni sehemu ambayo asili yake ni mia, basi! Vijumba 25 kati ya 100 ni 25/100, nayo ndiyo asilimia 25. Hakuna uchawi mwingine.

Halafu desimali. Tulimwonyesha kwamba safu moja ya vijumba kumi ni moja ya kumi, na inaandikwa 0.1. Kijumba kimoja ni moja ya mia, kinaandikwa 0.01. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta inahesabu safu, ya pili inahesabu vijumba vya pekee. Katika ile robo aliyoipaka, mtoto alitafuta: safu mbili nzima ni vijumba ishirini, na vijumba vitano vimebaki. Safu mbili, vijumba vitano. Akaandika 0.25.

Alikaa kimya. Kisha alisema polepole, “Mama, kwa hiyo yule mwenye duka hakuniibia.”

Hapana, hakuibia. Mdomo ulisema robo, mizani ikasema 0.250, na simu ya baba yake iliyokuwa inachaji pale mezani ilikuwa inasema 25%, maana betri ilikuwa na robo ya moto wake. Tulimwonyesha simu ile. Nguo tatu, mtu mmoja. Tangu hapo ikawa kazi yake kutangaza betri ya baba yake: “Baba, imebaki moja ya kumi!”

Siku moja alijaribu thuluthi. Aligawa vijumba mia kwa watu watatu. Kila mtu alipata 33, kikabaki kijumba kimoja. Alikigawa kijumba kile vipande kumi, kila mtu akapata vitatu, kikabaki kipande kimoja. Alirudia tena, kikabaki tena. Alituuliza, “Hii itaisha lini?” Tulimwambia haiishi. Thuluthi ikivaa nguo ya desimali inakuwa 0.333 na kuendelea, bila mwisho. Alifurahi kama aliyeona mwujiza. Mtoto aliyekuwa anaficha daftari chini ya godoro aligawa mpaka karatasi ikajaa.

Mtego wa nukta

Kosa lake la kupanga 0.5, 0.25 na 0.125 lilikuwa na chanzo chake. Watoto wengi, na hata watu wazima, wanasoma namba za baada ya nukta kama namba za kawaida. Wanaona 5, 25 na 125. Na sisi nyumbani tulikuwa tunachangia kosa hilo kwa kusoma “sifuri nukta mia moja ishirini na tano”. Tuliacha. Sasa tunasoma kila tarakimu peke yake: “sifuri nukta moja mbili tano.”

Tena tulimfundisha kujaza sifuri ili urefu ulingane: 0.500, 0.250 na 0.125. Hapo hata macho yanaona ipi kubwa. Tukamkumbusha chapati: 0.5 ni nusu, 0.25 ni robo, na 0.125 ni kile kipande cha meza ya watu wanane. Kwenye daftari sifuri za nyuma zinasaidia kulinganisha. Kwenye karatasi ya dawa ni hatari, kama tulivyosema. Mtoto alielewa tofauti hiyo, kwa sababu tulimsimulia habari ya usiku ule wodini, pamoja na kosa letu. Alituuliza, “Mama, uliogopa?” Tulimwambia ndiyo, tuliogopa sana.

Kwa mama anayetaka kuanza leo, hii hapa orodha ndogo ya kukata na kubandika karibu na kabati la vyombo:

Nusu: 1/2, 0.5, 50%
Robo: 1/4, 0.25, 25%
Robo tatu: 3/4, 0.75, 75%
Moja ya tano: 1/5, 0.2, 20%
Moja ya nane: 1/8, 0.125, 12.5%
Moja ya kumi: 1/10, 0.1, 10%
Moja ya mia: 1/100, 0.01, 1%

Kutoka sehemu kwenda desimali, gawanya ya juu kwa ya chini. Kutoka desimali kwenda asilimia, zidisha kwa mia. Kurudi kutoka asilimia, gawanya kwa mia. Lakini orodha isitangulie chapati. Mtoto akikariri kabla hajaona, atasahau kabla ya mtihani.

Asilimia ya nini?

Liko swali moja ambalo tunaomba kila nyumba ijifunze kuuliza: asilimia ya nini? Asilimia peke yake ni kama mtu asiye na kwao. Nusu ya andazi ni ndogo kuliko robo ya mkate mzima.

Upo pia mtego wa asilimia yenye nukta. Kazini tunatengeneza maji ya klorini ya asilimia 0.5 ya kusafishia mahali palipomwagika damu. Mwanafunzi mgeni akiona 0.5 anafikiri nusu. La, 0.5 ikiwa peke yake ni nusu, ni asilimia 50. Lakini asilimia 0.5 ni nusu ya kijumba kimoja tu katika vile mia, yaani moja ya mia mbili. Kama dawa uliyonunua ina nguvu ya asilimia 5, chukua kipimo kimoja cha dawa na vipimo tisa vya maji, utapata asilimia 0.5. Binti yetu alipiga hesabu hiyo mwenyewe: kimoja kati ya kumi ni moja ya kumi, na moja ya kumi ya 5 ni 0.5.

Kliniki nako tumeyaona. Mama mmoja alipewa pakiti ya chumvichumvi ya mtoto anayeharisha. Pakiti imeandikwa ichanganywe na lita moja ya maji safi. Yeye hakuwa na chombo cha lita, akatumia chupa ya nusu lita na pakiti nzima. Alidhani maji yakipungua na dawa inakuwa nyepesi. Kumbe ukiweka pakiti ile ile katika nusu ya maji, chumvi inakuwa maradufu, na chumvi iliyozidi inaweza kumdhuru mtoto badala ya kumponya. Bahati njema alituuliza kabla ya kumnywesha.

Yaliyotokea kwenye umoja wetu

Tulipoyasimulia haya kwenye umoja wa akina mama pale kanisani, tulitegemea wacheke. Mama mmoja alibaki baada ya wengine kuondoka. Alikuwa amekopa shilingi 200,000 kwa wakopeshaji wa mtaani, ile mikopo watu wanayoiita kausha damu. Aliambiwa riba ni asilimia 10, akaona ni kidogo. Hakuuliza asilimia 10 kwa muda gani. Ilikuwa kwa kila mwezi.

Tulikaa naye kwenye benchi tukachora vijumba. Asilimia 10 ya 200,000 ni 20,000. Kwa miezi kumi na miwili ni 240,000. Riba ya mwaka mmoja peke yake inazidi mkopo wote, na deni lenyewe bado liko pale pale. Alifunika uso kwa khanga. “Dada,” alisema, “mimi shuleni nilikimbia hesabu. Sikujua kama zitanifuata mpaka nyumbani.”

Mumewe alikuwa hajui habari za mkopo ule. Tulimsindikiza mpaka mlangoni siku aliyoamua kumwambia. Waliuza mbuzi wawili, wakamaliza deni kabla ya mwaka. Ile karatasi ya vijumba bado anayo kwenye Biblia yake.

Tangu hapo, mara moja kwa mwezi, umoja wetu una nusu saa ya hesabu kabla ya kufunga kwa sala. Na katika shule ya Jumapili tumewafundisha watoto kwamba hata katika Maandiko zimo. Yusufu kule Misri aliagiza itengwe sehemu moja ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe: ni 1/5, ni 0.2, ni asilimia 20. Zakayo aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini. Na fungu la kumi ambalo kila mtoto analisikia kanisani ni 1/10, ni 0.1, ni asilimia 10. Mtoto aliyepewa shilingi 500 na mjomba wake anajua kutenga 50 bila kusaidiwa, na anajua kwamba ya mwenye 5,000 ni 500, na kwamba hawa wawili wametoa sawa.

Kumi na moja kati ya ishirini

Sasa utauliza, je, binti yetu alikuwa wa kwanza darasani? La. Hatutasema uongo katika gazeti la kanisa. Muhula uliofuata alileta jaribio lenye alama 11 kati ya 20.

Lakini hakulificha. Aliliweka mezani palipokuwa na chai, mbele ya baba yake na kaka zake, akasema, “Nimepata kumi na moja kati ya ishirini. Ni sifuri nukta tano tano. Ni asilimia 55.” Alingoja aone kama kuna atakayecheka. Hakuna aliyecheka. Kisha akaongeza, “Zimebaki asilimia 45, mama. Nitazitafuta.”

Baba yake alimkatia kipande cha mkate, kikubwa kuliko vya kaka zake. Kaka mmoja alilalamika kwamba vipande si sawasawa. Binti yetu akamjibu, “Kweli, hii si robo,” naye akakikata tena ili kila mtu apate haki yake.

Akina mama wenzetu, mtoto wako akikosea hesabu usianze na sauti. Anza na swali la yule dada wa wodini. Mwulize kwa utulivu amefikaje pale, naye atakuonyesha, maana karibu kila kosa la mtoto lina njia aliyopitia. Mwambie nawe uliwahi kukosea. Kisha washeni jiko, kateni chapati.